Sura ya Saba: Ndoo ya Pili

Saa nne asubuhi Inspekta alipewa kazi kwa simu, na kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuitamka: kabla ya saa kumi na mbili jioni aseme kama sajini alikuwa msaliti au hakuwa. Kesho yake walikuwa wanazikwa askari watatu waliouawa kwenye kituo kidogo cha mtaani, na wapanga gwaride walitaka kujua waandae bendera ngapi.

"Mpaka sasa mna ngapi?" aliuliza Inspekta.

"Mbili," alijibu Kamanda. "Ya tatu nitaitoa ukinipa sababu. Na hili libaki kati yangu na wewe. Familia isilisikie."

"Watalisikia kesho, afande. Majeneza mawili yamefunikwa, la tatu halina bendera. Mjane ana macho."

"Ndiyo maana nimekupa siku nzima," alisema Kamanda, akakata simu.

Inspekta huyo, wenzake walimwita Sindano. Alikuwa mwembamba, mrefu, mama wa watu wazima wawili, na ilisemwa kwamba akishapenya mahali, uzi lazima ufuate. Hakulipenda jina hilo wala hakulikataa. Aliyemwendesha alikuwa konstebo mzee aliyebakiza miezi sita astaafu, mtu wa maneno mengi, ambaye kila mtu alimwita Dereva, mpaka mkewe.

"Bendera ni kitambaa tu," alisema Dereva, akiwasha gari. "Lakini usimwambie hivyo mtu aliyenyimwa."

Mambo yaliyomlemea Sajini yalikuwa manne, na Sindano aliyajua kwa kichwa. Siku tatu nyuma, saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wanne wenye makoti ya mvua waliingia kituoni, wakaua askari watatu, wakabeba bunduki zote, wakapotea kabla mtaa haujafungua madirisha. Geti la chuma halikuvunjwa. Ufunguo ulikutwa kwenye kufuli, upande wa ndani. Konstebo wawili waliuawa ndani ya chumba, mmoja akiwa na kiatu kimoja mguuni, mwingine mkono ukiwa kwenye redio. Sajini aliangukia hatua tatu kutoka getini, na mkanda wa bunduki yake ulikatwa mgongoni pake. Hakuwa hata ameishusha. Juu ya hayo, zamu ile haikuwa yake. Alibadilishana na koplo, na ilikuwa mara ya tano mwezi ule.

Makao makuu hawakuhitaji la tano. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na waliosema hivyo hawakuwahi kukanyaga mtaa ule.

Sindano aliukanyaga. Maduka yalikuwa yamefunguliwa milango nusu, kama watu wanaoona haya kuuza. Kinyozi alizima redio yake. Watoto wa shule walikuwa wamepanga maua mbele ya kituo, ndani ya chupa zilizokatwa shingo, na kila chupa ilikuwa na karatasi yenye maandishi ya penseli. Mwuza samaki, ambaye sauti yake siku nyingine ingeamsha maiti, alipita akigonga tu beseni kwa kidole. Mtaa wote ulikuwa unalia, na hakuna aliyemwangalia Inspekta usoni.

Koplo aliwapokea kituoni na funguo mkononi. Yeye ndiye aliyebaki hai kwa sababu ya kubadilishana zamu, na macho yake yalionyesha kwamba alikuwa hajalala tangu siku ile.

"Nisomee orodha ya vitu vilivyokutwa," alisema Sindano.

"Si umeshaisoma, afande?"

"Nimeisoma. Sasa nataka kuisikia."

Koplo akasoma. Meza moja. Viti vitatu. Redio moja, imevunjika. Taa mbili. Birika moja. Ndoo mbili. Ufagio mmoja.

"Rudi nyuma. Ndoo ngapi?"

"Mbili, afande."

"Lete daftari la mali ya kituo."

Daftari lilikuwa limekaa rafuni muda mrefu, lina vumbi nene. Sindano alishusha kidole ukurasa mzima. Ndoo moja, ya chuma, namba imepakwa rangi nyekundu. Alimgeuzia Koplo daftari.

"Ndoo ni ndoo, afande," alisema Koplo. "Nilizikuta mbili nikaandika mbili."

"Hukukosea hesabu. Umekosea kutouliza. Ya pili iko wapi?"

Ilikuwa stoo. Ndoo ya plastiki nyeupe, ile ambayo kwanza huja na rangi ya ukuta. Mpini wake wa waya ulikuwa umeviringishiwa kitambaa ili usimkate mtu vidole. Sindano aliiinamisha kwenye mwanga, akapitisha kidole pembeni mwa kitako, ndani. Kilitoka na mstari hafifu wa buluu.

"Hii ilikutwa wapi hasa?"

Koplo aliweka orodha chini. "Getini. Pale alipokuwa marehemu. Mkono wake ulikuwa… vidole vilikuwa vimeshika mpini. Nilivibandua mwenyewe. Niliona si vizuri wampige picha ameshika ndoo. Sajini mzima."

Dereva aliguna. Sindano hakumgombeza Koplo, aliandika tu. Mtu mmoja alikuwa amemheshimu maiti, na kwa heshima hiyo alikuwa amemwondolea shahidi wake wa pekee. Anayewafungulia wauaji mlango hawapokelei ndoo.

"Kwa nini alikuwa anataka zamu ya alfajiri?" aliuliza.

"Aliipenda."

"Hakuna askari anayeipenda zamu ya alfajiri. Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita."

"Sikumuuliza, afande," alisema Koplo, akiangalia buti zake. "Na geti lile halikuwahi kufunguliwa kabla ya saa moja, hata siku moja."

Sindano hakuwa ameuliza habari ya geti.

Walitoka nje. Kwenye kitako cha ukuta, kuanzia getini kwenda kushoto, udongo ulikuwa na vishimo, kimoja baada ya kingine, kwa mstari ulionyooka. Dereva aliviona kwanza.

"Nani alipanda vitunguu kwenye ukuta wa polisi?"

Sindano alichuchumaa. Vishimo kumi na tisa, vyote vimeachana kama urefu wa mguu. Ndani yake majani yalikuwa ya njano, kama yaliyolaliwa na kitu kizito kwa miezi. Mvua ilinyesha usiku ule wa kuamkia mauaji, na tangu siku hiyo haijarudi. Udongo wote wa pale ulikuwa na alama za matone. Ndani ya vishimo hakukuwa na tone hata moja.

"Yalikuwa mawe," alisema. "Yaliondolewa baada ya mvua. Kwa maana nyingine, baada ya mauaji."

"Nani aibe mawe?"

"Hayakuibwa, Mzee. Yamechukuliwa na wenyewe."

Ng'ambo ya barabara alikaa fundi viatu, mbele yake mlima wa viatu vya watu. Alikuwa akivipaka vyote rangi nyeusi kwa ajili ya maziko, bure, na mikono yake ilikuwa nyeusi mpaka kwenye viwiko. Alijibu salamu kwa adabu. Mawe? Labda watoto walikuwa wanacheza. Alfajiri ile? Hakuona kitu, yeye hufika saa mbili. Halafu, bila kusukumwa, akasema:

"Geti lile, mama, halikuwahi kufunguliwa kabla ya saa moja, hata siku moja."

"Wewe unayefika saa mbili umejuaje?"

Fundi alishika kiatu ambacho alikuwa ameshamaliza, akaanza kukipaka tena. Kisha akakumbuka jambo, kwa haraka ya mtu anayetaka kubadilisha mazungumzo. Siku mbili kabla ya msiba alimwona Sajini akinong'ona na mtu wa pikipiki nyuma ya kituo. Mgeni. Ana mfuko mrefu mgongoni.

Dereva alichangamka. Mfuko mrefu ni mfuko mrefu. Walimtafuta mtu wa pikipiki kwa saa mbili na nusu, gereji hadi gereji, na walipompata alikuwa amelala chali chini ya pampu ya maji ya shule, mfuko wake umefunguliwa, bomba na spana zimetapakaa.

"Sajini?" alisema fundi pampu, akikaa. Uso wake uliporomoka. "Aliniita nitazame pampu ya kisima chao. Imechoka kabla ya siku zake. Nikamwambia, bwana, nyinyi mko wanne, haya maji yote mnafanyia nini, mnaoga mchana kutwa? Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia, tengeneza tu, kaka, polisi wa hapa ni wachafu sana."

"Alikuomba ufanye siri?"

"Aliniomba nifanye haraka."

Gari lilipoondoka Dereva alisema wamepoteza nusu siku. Sindano alisema hawajapoteza kitu. Alimwomba aendeshe polepole kwenye mtaa wa nyuma ya kituo, akawa anahesabu mabomba ya uani. Kwenye bomba la kwanza buibui alikuwa amefuma mdomoni. La pili lilikuwa limefungwa kamba ya kuanikia nguo. La tatu halikuwa na koki. Maji ya mtaa yalikatika miezi minne nyuma, na kisima cha umma kilicho karibu kiko bondeni, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Lakini kila mlango ulikuwa na pipa, na kila pipa lilikuwa na maji.

Nyumba ya msiba ilikuwa ya serikali, vyumba viwili, katika safu ya nyumba za askari. Turubai lilifungwa mbele, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki wakiongea chini kwa chini. Ndani, wanawake walikaa kwenye mikeka. Mjane hakuwa amefika miaka arobaini. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, miguu imenyooka, kama mtu aliyewekwa hapo na watu wengine.

Sindano alivua viatu, akakaa chini mbele yake. "Pole sana, mama."

"Tumeshapoa."

"Marehemu aliwahi kukutajia mtu aliyekuwa akija kituoni alfajiri?"

Mjane alifumba macho. "Mume wangu alifuata amri. Geti lile halikuwahi kufunguliwa kabla ya saa moja, hata siku moja."

Aliyekaa kulia kwake, mwanamke mnene mwenye kilemba cheusi aliyeitwa Mama Mapacha, aliitikia kwa kichwa. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha msiba: nani alale wapi, nani apike, nani anyamaze. Alimpima Sindano kwa jicho la mtu anayejua mizani.

"Ni kweli," alisema. "Halikuwahi kufunguliwa kabla ya saa moja…"

"Hata siku moja," Sindano alimalizia.

Koplo, fundi viatu, mjane, Mama Mapacha: vinywa vinne, sentensi moja, haikupungua neno wala haikuongezeka. Watu wakisema kweli hugongana. Huyu husema saa kumi na moja, huyu husema jogoo wa pili. Watu wakipanga kusema, ndipo huimba wimbo mmoja. Sindano alitazama saa. Saa kumi kasoro robo.

"Mama Mapacha," alisema, "nisindikize uani."

Uani kulikuwa na kamba nne, zote zimejaa nguo za wafiwa, na chini yake mwanamke wa makamo aliinamia beseni. Alikuwa anafua shuka ambalo kwa macho ya Sindano lilikuwa limetakata zamani. Hakuinua kichwa.

"Huyo ni dobi wetu wa mtaa," alisema Mama Mapacha. "Mwache. Tangu siku ya kwanza hajala wala hajakaa. Anafua tu. Kila mtu na kilio chake."

Nyuma ya jiko, chini ya kipande cha gunia, mawe yalikuwa yamerundikwa. Nusu tofali lenye rangi ya kijani. Kigae kilichovunjika. Kikombe cha bati kisicho na mpini, kimejazwa kokoto. Sindano aliinua gunia kwa ncha ya kidole cha mguu, akalishusha.

"La kwako hapa ni lipi?"

Mama Mapacha alilivuta gunia, akayafunika mawe vizuri.

"Nitakuhadithia mimi, wewe unirekebishe. Maji yalikatika. Kituoni kuna kisima na pampu. Sajini aliona wanawake wanashuka bondeni gizani, akafungua geti. Kila mmoja akaweka jiwe lake ukutani kushika zamu, ili msigombane mbele ya ofisi ya watu. Kwa zamu ya Koplo mlifukuzwa, kwa hiyo Sajini akaanza kuchukua zamu ya Koplo. Sasa amekufa, na mkakubaliana hapa hapa msibani kwamba hamjawahi kutia mguu pale."

"Wewe ni polisi," alisema Mama Mapacha taratibu. "Unajua kuliko mimi. Askari akivunja amri, si anafukuzwa kazi? Akishakufa hafukuzwi yeye, anafukuzwa mkewe. Nyumba hii ni ya serikali. Watoto wake watatu wanalala humu. Aliyetupa maji miezi minne, tumlipe kwa kumtoa mkewe barabarani? Tulisema hapana. Hata Koplo tulimwapisha. Hayo maneno tulimfundisha kila mtu, neno kwa neno, asije mtu akakosea."

"Mmeyafundisha vizuri mno."

"Tulimpenda, afande. Hatukuwa na kingine cha kumpa."

Alichotaka kusema Sindano alikuwa amekatazwa kukisema, na katika miaka ishirini na sita hakuwa na tabia ya kukatazwa halafu akasema. Alipima mjane kule ndani na amri ya kwenye simu, akaona amri ni nyepesi.

"Sikiliza. Geti lilikutwa wazi, ufunguo uko ndani. Yeye ndiye aliyefungua, hilo halina ubishi. Kila mnaposema halikuwahi kufunguliwa hata siku moja, mnawaambia wakubwa wangu kwamba lilifunguliwa siku moja tu: ile siku ya wauaji. Mmemwambia Kamanda kwamba Sajini aliwafungulia wao. Kesho majeneza mawili yatafunikwa bendera, la Sajini halitafunikwa. Atazikwa kama msaliti, mkewe akiangalia. Nimepewa mpaka saa kumi na mbili."

Mama Mapacha alitafuta mahali pa kukaa, akakalia sufuria iliyogeuzwa.

Nyuma yao maji yaliacha kutikisika kwenye beseni.

"Niligonga mimi," alisema Dobi.

Alikuwa amesimama, mikono inachuruzika maji, na ncha za vidole vyake zilikuwa na buluu iliyokolea, ile buluu ya kung'arishia nguo nyeupe ambayo haitoki hata ukisugua kwa jiwe. Mama Mapacha aliinuka amzuie, naye akamwondoa mkono kwa upole.

"Niache, dada. Nimefua siku tatu, hakuna kilichotakata."

Sindano alivuta ndoo tupu, akamkalisha juu yake, yeye mwenyewe akachuchumaa chini ili awe mdogo. Hakutoa daftari. Dereva, aliyekuwa amesimama kwenye kona, ndiye aliyeandika.

"Usiku ule ilinyesha," alisema Dobi. "Wenzangu wote walitega maji ya mabati, hakuna aliyekuwa na haja ya kutoka. Mimi nyumba yangu ni ya nailoni, haitegi kitu. Na nilikuwa na mashuka ya zahanati ya kufua. Nikaenda peke yangu. Niligonga kama siku zote, mara tatu kwa mpini wa ndoo. Sikuwaona. Walikuwa wamebana kwenye ukuta, upande wa giza. Walikuwa wanangoja mmoja wetu agonge."

"Wangojao huwa wameshachungulia siku nyingi," alisema Sindano. "Kama si wewe, ingekuwa kesho yake, kwa jiwe la mwingine."

"Lakini nilikuwa mimi." Dobi aliitazama mikono yake. "Alifungua. Akanitania kidogo, akanipokea ndoo ili mimi nishike gauni lisilowe matope. Ndipo nikasikia watu nyuma yangu. Yeye aliwaona kabla yangu. Mkono mmoja una ndoo yangu, wa pili angeweza kushusha bunduki. Hakushusha. Alinisukuma kwa huo wa pili. Alinisukuma nje, kando ya ukuta, nikaangukia matopeni, akasema kimbia. Nikakimbia. Nilisikia nikiwa nakimbia."

Dereva alikuwa ameacha kuandika, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Kuna uliyemwona uso?"

"Mmoja. Kofia ya koti ilimvuka nilipomgonga nikianguka. Ana kovu hapa, kutoka sikioni mpaka kidevuni, na jicho la upande huo linafumba nusu. Nikimwona sokoni leo nitamjua."

Kwa siku tatu polisi wa wilaya nzima walikuwa wakitafuta mtu aliyeona hata kisigino cha wauaji wale, na shahidi alikuwa uani kwa marehemu akifua shuka moja mara tano. Sindano alihisi hasira, halafu hasira ikakosa mtu wa kumshukia. Mtaa mzima ulikuwa umekula kiapo cha kumlinda maiti na kumlinda mjane wake, na kwa mapenzi hayo ulikuwa umewalinda wauaji vilevile.

"Utasaini maneno haya?"

"Sijui kuandika. Nitaweka kidole."

"Kuanzia sasa askari wawili watakaa mlangoni kwako."

"Sina mlango," alisema Dobi, "lakini waje tu."

Saa kumi na moja na dakika tano Sindano alisimama barabarani, mbali na turubai, akapiga simu. Alisema yote kwa mpangilio: ndoo, mawe, pampu, shahidi, kovu. Kamanda alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Kwa hiyo alivunja amri," alisema hatimaye.

"Alivunja, afande. Kila alfajiri, miezi minne."

"Na geti lisingefunguliwa, askari wangu watatu wangekuwa hai."

"Pengine. Wanaume wanne wenye bunduki wangetafuta njia nyingine, au wasingeipata. Hilo sitalijua, na wewe hutalijua. Ninalojua ni kwamba hakuwauza. Alikufa kazini, anamkinga raia. Ukitaka kuandika kosa lake, andika. Liandike pamoja na hilo."

Mahali fulani nyuma ya Kamanda, mtu alikuwa akiwapigisha askari hatua za gwaride, moja mbili, moja mbili.

"Bendera tatu," alisema Kamanda. "Kuhusu nyumba sijasema kitu."

"Na mimi sijakuuliza. Nitakuuliza Jumatatu, mbele ya watu."

"Na amri yangu ya kutoiambia familia?"

"Nimeivunja, afande. Liandike na hilo."

Aliporudi, Dobi alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa nyumba. Alikuwa amejifuta mikono na kushusha mikono ya gauni, kama anayekwenda kuomba kazi. Mama Mapacha alisema kwa sasa karatasi inatosha, mambo mengine yangoje maziko yapite. Dobi alitikisa kichwa.

"Polisi wameshajua. Kesho mtaa utajua. Yeye asisikie kwa mtaa."

Wakaingia. Wanawake walisogeza miguu kumpisha. Dobi alipiga magoti mbele ya mjane na akasema maneno yale yale mawili aliyoyasema uani, safari hii kwa sauti ndogo zaidi. Niligonga mimi, mwanangu.

Mjane alimtazama muda mrefu. Chumba kizima kilishusha macho kwenye mikeka. Sindano alisimama mlangoni, tayari kwa lolote, maana alishaona wafiwa wakirukia watu koo, na hakuwa na hakika kama leo angeharakisha kumzuia.

"Siku tatu najiuliza alimfungulia nani," alisema mjane. "Nilijua tu ni mmoja wenu. Nikasema nikimjua nitamchukia, angalau nipate mtu wa kumchukia." Akapumua. "Alisema nini?"

"Nini, mwanangu?"

"Alipofungua. Alisema nini?"

Dobi aliangalia sakafu, kama anayeona haya kulitamka jambo lile msibani.

"Alisema, shangazi, mbingu imefua dunia nzima usiku kucha, na wewe bado unatafuta maji?"

Kitu kilitoka kooni kwa mjane, na wote walidhani ni kilio, wakainua mikono kumshika. Kilikuwa kicheko. Kilianza hivyo, kicheko cha mtu aliyeisikia sauti anayoijua ikipita dirishani, na kikageuka njiani, akalia kwa mara ya kwanza tangu aletewe habari, kwa sauti, mdomo wazi kama mtoto. Mama Mapacha aliwafanyia wenzake ishara wamwache.

"Ndiye," alisema mjane alipoweza. "Ndiye huyo. Hakuwa na akili ya kuogopa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Halafu?"

"Halafu akaniambia kimbia."

"Ukakimbia?"

"Nilikimbia." Dobi alishika ukingo wa mkeka. "Nisamehe. Sikugeuka hata kuangalia."

"Basi ulimtii," alisema mjane. "Miaka kumi na miwili nimeishi naye, mimi sikumtii hata mara moja."

Akasogea, akamwachia nafasi kwenye mkeka.